Leso Nyeupe ya Mzee wa Upepo

Ukimwamkia kabla hajanusa leso yake, alikuwa haitikii. Ungeweza kusema shikamoo ukarudia, ungeweza kupiga goti kama mabinti wa Kisukuma waliolelewa vizuri, yeye angekuonyesha kiganja tu: subiri. Kwanza aende nyuma ya mashine, mwisho wa bomba, afungue koki ndogo, aishike leso yake nyeupe mbele ya upepo unaotoka. Aigeuze kwenye mwanga wa mlango. Aipeleke puani, afumbe macho. Akiridhika, aliikunja, akairudisha mfukoni, ndipo akageuka na kuitikia kwa sauti nene ya kwaya:

"Marahaba, mwanangu. Hewa imeamka salama. Na wewe je?"

Wageni walidhani ana dharau. Mama mmoja aliyeleta mpunga wake kutoka Mlimba alinuna tangu asubuhi mpaka magunia yake yakashonwa. "Mzee mzima anasalimia bomba kwanza!" alilalamika. Sisi tulishamzoea. Kwake, kuitikia watu kabla hajajua hali ya hewa ilikuwa sawa na kukaribisha wageni sebuleni wakati kuna mgonjwa chumbani ambaye hajajuliwa hali.

Kinu chetu kipo Ifakara, kando ya barabara ya kwenda Mlimba. Mpunga ukishakobolewa, mchele unapita kwenye mashine inayochagua punje kwa rangi. Ina macho ya kuona punje nyeusi na ya njano, na ina vimdomo vidogo vinavyoipuliza punje hiyo itoke kwenye msafara wa wenzake. Kinachopuliza ni upepo wa kompresa. Upepo ukiwa na maji, vimdomo vinakaba. Ukiwa na vumbi, vinaziba. Ukiwa na mafuta, mchele unanuka, na mchele wa bonde hili, hasa Supa, watu wanaununua kwa harufu yake. Kwa hiyo kati ya kompresa na mashine kuna filta mbili, moja ya maji na vumbi, ya pili ya ukungu wa mafuta, na ndani ya kila moja kuna kitu chenye umbo la mshumaa mnene ambacho mafundi wanakiita elementi. Hicho ndicho kinachochuja. Ganda la nje ni nyumba yake tu.

Yeye ndiye aliyezitunza na kuzibadilisha elementi hizo, miaka yote niliyomjua. Kinuni aliitwa Mzee wa Upepo. Jina la ubatizo alimwachia mkewe na paroko.

Naandika habari zake kwa sababu alipoondoka aliniachia kazi hiyo mimi, na tajiri mwenye kinu akaniambia mbele ya watu wote: "Binti, mchele wangu ukinuka mafuta, unarudi kushona magunia, na mimi naleta fundi kutoka Morogoro." Ni haki yake. Ila mimi ni mtu ambaye nikifunga mlango wa nyumbani narudi kuusukuma, nikifika njia panda narudi tena. Ukiniambia kitu kinaweza kuharibika, tayari kimeshaharibika kichwani mwangu.

Sikusomea ufundi. Nilikuwa mshona magunia, na nilichojua kuhusu kompresa nilikiokota kwenye video za simu, nikizitazama wakati wa chakula huku wenzangu wakinicheka. "Huyu anasomea urubani," walisema. Mzee wa Upepo alinikuta siku moja nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kompresa, naogopa kuingia.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia sindano ya geji, babu. Jana haikuwa pale."

Aliingia, akaikagua, akatoka. "Kweli haikuwa pale," akasema. Kesho yake aliniletea kiti cha plastiki akakiweka mlangoni. "Ukiangalia, kaa. Kusimama kunakutia haraka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Hakuna mkataba tuliowekeana, wala siku aliyosema sasa wewe ni mwanafunzi wangu. Ni kiti tu.

Alikuwa na maneno yake. Filta si sahani, alisema, kwamba umemaliza kula ukaioshe. Neno hilo lilitokana na kisa cha tajiri mwenyewe, mtu wa Pwani, msafi kupindukia, ambaye siku moja aliikuta elementi iliyotolewa imelala kwenye ndoo akaona hasara. Aliifua kwa sabuni ya unga, akaisuuza, akaianika kwenye turubai katikati ya mpunga wa watu. Mzee wa Upepo aliporudi kutoka kunywa chai alisimama juu ya turubai mikono kiunoni.

"Nani kamwanika mgonjwa wangu juani?"

"Mimi," tajiri akajibu kutoka ofisini. "Kimetakata, tazama! Kizuri kama hiki mnatupa?"

"Hajji, hicho kilikunywa mafuta msimu mzima. Ulichokitoa ni rangi ya nje. Ukikirudisha, mafuta yote yataenda kwenye mchele, na sabuni yako juu yake."

"Sasa kila msimu ninunue kipya?"

"Kila Idi unashona kanzu mpya, mbona sijakuuliza?"

Makuli walicheka mpaka gunia likaanguka. Tajiri naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, akaagiza elementi mpya. Ile iliyofuliwa Mzee aliichukua.

Alizichukua zote zilizochakaa. Alikuwa akizipasua kwa msumeno wa chuma, akizifungua kama anayepasua samaki, na kuzipanga kwenye ubao chini ya upenu wa chumba cha kompresa. Mtu akiuliza, alizisoma. Hii yenye tope la kijivu ni ya masika. Hii yenye unga wa dhahabu ni ya mavuno, vinu vyote vilipokuwa vinakoboa kwa pamoja. Hii nyeusi ni ya kipindi walipochoma matofali kwa pumba pale nyuma yetu, moshi ukatuingia moja kwa moja. "Tazama tulichonusurika nacho," alikuwa akisema. Hakuwahi kuzitumia kutisha watu. Alizionyesha kwa namna ya mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Mimi zilinitisha. Nilipoona uchafu ule wote nilidhani dawa yake ni usafi zaidi. Mdomoni mwa kompresa, pale inapovutia hewa ya nje, kuna filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa, na aliponiruhusu kuishika nilianza kuifungua kila asubuhi na kuigonga. Hapa bondeni kila kitu tunakitakasa kwa kukipiga: mkeka, gunia, ungo, hata mtoto. Niliigonga ukutani, nikaigonga gotini, kisha nikaipuliza kwa upepo wa kompresa hiyohiyo, nikaona nimefanya kazi ya maana. Ikawa nyeupe kuliko shati la kipaimara.

Hakunigombeza. Aliichukua akatoka nayo uani, akaielekeza kwenye jua, akaniita nichungulie kwa ndani.

"Unaona nini?"

"Naona... kama nyota, babu."

"Wangapi wameigusa hii?"

"Mimi peke yangu."

"Basi nyota hizo zote ni zako."

Vilikuwa vitundu. Karatasi ilikuwa imechoka kwa kupendwa. Nililia, sifichi; mimi hulia hata nikichoma maandazi. Alinisubiri nimalize, akanieleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtu anayekaribia kukimbia. Vumbi kidogo juu ya filta si adui, alisema, linaisaidia filta kukamata vumbi lenzake. Na kila unapoifungua, uchafu ulio chumbani unapata nafasi ya kuingia ndani. "Wewe unaogopa uchafu, unaufungulia mlango kila asubuhi uone kama umekuja."

Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Nadhani hakuwa anazungumzia filta peke yake, ingawa kwa Mzee huyo huwezi kujua. Kuna watu wanaosema mambo makubwa kwa kutumia mambo madogo. Yeye alisema mambo madogo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mbele yake, ukubwa uliongezwa na sisi.

Halafu, nilipokuwa nimejifunza kutofungua bila sababu, akanivuruga tena. "Sindano ya geji ikipanda kwenye nyekundu, filta imeziba, badilisha. Lakini ikikaa kwenye kijani muda mrefu mno, usifurahi."

"Sasa nifanye nini, babu? Nyekundu mbaya, kijani mbaya!"

"Elementi iliyotoboka haina kazi, ndiyo maana sindano inakaa raha mustarehe. Mtu anayesema hana shida yoyote, mwulize mara ya pili."

Mwenyewe hakuwa mtu wa kuulizwa mara ya pili. Alikuwa akivuta sigara. Mtu aliyepigania pumzi ya kompresa kuliko wote niliowajua alikuwa akienda nyuma ya rundo la pumba kuvuta, akirudi anakohoa, na kwenye kwaya ya kanisa sauti yake nene ilianza wimbo vizuri na kuishia njiani, wenzake wakaumalizia. Mama wa chai, anayetuuzia pale kinuni, alimsema waziwazi: "Baba, filta za kompresa unabadilisha, yako je?"

"Yangu spea zake hazipatikani, hata Kariakoo nimeulizia."

"Basi itunze!"

"Ndiyo maana naivuta polepole."

Na uvumilivu wake wote uliishia kwenye chumba cha kompresa. Aliweza kuitazama sindano wiki nzima bila kugusa kitu, lakini akikaa kwenye drafti na makuli hakuweza kumsubiri mpinzani afikiri. "Sukuma! Sukuma kete, jua linazama!" Alikuwa akifungwa na kila mtu. Kuli mmoja mdogo kuliko wote alimpa jina la Mzee wa Kusukuma, na yeye alilipokea kwa furaha, akadai mechi nyingine, akafungwa.

Alikuwa pia mchoyo wa ajabu kwa vitu vidogo na mkarimu kwa vikubwa. Ukimwomba nati moja alitaka kujua inakwenda wapi, na jioni alikuja kuitembelea. Lakini baiskeli yake ilikuwa ya kila mtu, na nilipougua malaria alinitumia mkewe na kuku mzima, siyo kuku wa kununua, kuku wao anayetaga.

Alipotangaza kwamba anakwenda kulima Mofu na mkewe, nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki. Alisema mgongo hauinami tena chini ya tangi la kompresa, na shamba la mtoni halihitaji kuinamia kitu cha chuma. Nikamuuliza nani atabaki na filta. Akanitazama kama nimeuliza nani atabaki na miguu yangu.

"Siwezi, babu. Nitaharibu."

"Utaharibu vichache. Kisha utatengeneza."

"Na mchele ukinuka?"

"Utaujua kabla ya mtu mwingine. Pua unayo, wasiwasi unao. Wasiwasi ukiwekwa mahali pake ni geji nzuri sana. Tatizo wewe unauweka kila mahali."

Akaondoka siku ya gulio, na begi lake la spana aliniachia. Leso hakuniachia. Nilikwenda sokoni nikanunua ya kwangu.

Masika yalikuja na maji yake. Hewa ya bondeni wakati huo unaweza kuikamua, na kompresa inaivuta hivyohivyo, kwa hiyo nilikuwa natoa maji kwenye tangi asubuhi, mchana na jioni. Hilo niliweza. Kisha sindano ya filta ya mafuta ikaanza kupanda. Kwanza kidogo, nikajiambia macho yangu. Halafu ikaegemea nyekundu ikakaa. Tulikuwa na elementi mpya moja tu kabatini, na shehena ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam ilikuwa imepangwa ipite kwenye mashine siku hiyo.

Nilimpigia simu Mzee. Haikupatikana. Kule Mofu mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, na yeye hakuwa mtu wa kupanda vichuguu. Nikampigia tena. Tajiri alisimama mlangoni na tasbihi yake.

"Nimwite wa Morogoro?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kusema ndiyo kungekuwa raha: ningerudi kwenye magunia, na harufu ya mchele ingekuwa shida ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye kiti. Kusimama kunakutia haraka.

"Nipe mpaka adhuhuri, Hajji," nikasema. "Ikishindikana, mwite."

Nilizima kompresa, nikachomoa na waya, nikafunga valvu ya kila upande. Nikafungua koki ya chini taratibu, upepo uliobaki ukatoka ukilalamika mpaka ukanyamaza, kwa sababu ganda lenye upepo ndani likifunguliwa linaruka na kukutafuta. Nikafungua ganda. Elementi ya zamani ilikuwa imelowa, nzito, ya hudhurungi. Nikafuta ganda kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Elementi mpya nikaitoa kwenye mfuko wake kwa kuishika kichwani tu, bila kugusa mwili wake, kama alivyonifundisha, nikaiweka, nikapaka grisi mpira unaozuia upepo usivuje, nikafunga, nikawasha.

Ikapiga mluzi.

Mluzi mwembamba, pale ganda linapokutana na kichwa cha filta. Moyo wangu ukaenda Morogoro na kurudi. Mama wa chai, aliyekuwa ameacha birika lake aje kutazama, akauliza, "Ndivyo inavyotakiwa?" Nikamjibu hapana. Nikazima, nikatoa upepo upya, nikafungua. Nilikuwa nimepaka grisi nyingi mno. Ule mpira ulikuwa umeteleza ukatoka kwenye njia yake, ukabanwa upande mmoja. Nilitaka uhakika wa kupitiliza, nikapata uvujaji. Nikaukagua, ulikuwa mzima. Nikaufuta, nikapaka kidogo tu, nikauketisha kwa vidole, nikafunga, nikawasha.

Kimya. Sindano ikashuka kwenye kijani.

Nikaenda mwisho wa bomba na leso yangu. Sikusikia harufu yoyote. Nikanusa tena. Nikanusa mpaka pua ikachoka, ikawa haisikii hata chai. Nikampa leso mama wa chai.

"Inanukaje?"

"Hainuki."

"Nusa vizuri."

"Mwanangu, hainuki! Unataka ninuse mpaka inuke?"

Nikawapelekea washona magunia, nao wakasema hivyohivyo. Shehena ikapita, ikapakiwa, ikaenda. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Tajiri hakusema kitu kuhusu Morogoro, alisema tu, "Endelea," na kwa watu wa aina yake hilo ni hotuba. Lakini mimi sikuamini. Wiki zilizofuata nilikuwa nikiamka na harufu ya mafuta puani, nakuja mbio kinuni, nanusa leso, hakuna kitu, na kesho yake tena. Niliibadilisha elementi, sikuweza kuubadilisha ule woga. Nilichotaka ni Mzee wa Upepo aje, afungue koki, anuse, aseme.

Akaja wakati wa mavuno. Nilisikia guta la mizigo likipiga kengele, nikatoka, nikamkuta anateremsha magunia ya mpunga wake mwenyewe kutoka Mofu, amekonda kidogo, amekuwa mweusi wa jua, matope makavu yamefika magotini. Hakohoi. Makuli walimzunguka. "Mzee wa Kusukuma! Drafti bado tunayo!" Akawaambia wangoje akoboe kwanza, leo atawafunga.

Nilisimama na shikamoo yangu mdomoni. Sikuitoa. Nilisubiri aende nyuma ya mashine kama zamani. Nilikuwa nimeshafuta koki ikang'aa, na nilikuwa tayari kukisoma kila kikunjo cha uso wake.

Hakwenda. Alitafuta nafasi kwenye benchi la wateja, kati ya mama mmoja mwenye kuku na kijana wa simu, akakaa, akanyoosha miguu. Mashine ikaanza kuimba. Akanitazama, nami nikamtazama.

"We binti," akasema, "siku hizi hatusalimiani?"

"Nasubiri, babu."

"Unasubiri nini?"

"Unuse kwanza."

Akacheka. Alicheka pumzi nzima, mpaka mwisho, bila kukatika njiani. "Mimi leo mteja. Mteja ananusa wali wake nyumbani."

"Lakini koki ipo pale. Nimebadilisha elementi wakati wa masika, ilipiga mluzi, nikaifungua tena, ule mpira ulikuwa umebanwa, nikapaka grisi kidogo, lakini sina hakika kama..."

"Sindano iko wapi?"

"Kijani. Ila imeanza kusogea."

"Inasogea?"

"Kidogo, babu. Si ya kubadilisha bado."

Mwenyewe nilisikia nilichokisema. Nilikuwa nimejibu bila kukimbia kwenda kuhakikisha. Naye aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu aliyekuambia mvua imekata. Akatoa leso mfukoni. Nilidhani anainuka. Alijifuta jasho shingoni, akajifuta uso, akapangusa tope kwenye goti. Ilikuwa imegeuka rangi ya udongo wa mtoni, haikufaa tena kupima kitu chochote.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Papo hapo. Benchini, miguu amenyoosha, mashine inaimba nyuma yangu. Nikampa shikamoo ya pili ambayo haikuwa na sababu yoyote, na hiyo pia akaiitikia.